Somo la 9: Nani Atamtunza Mwenye Kuchunguza Ugonjwa?

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini. Ilienea mpaka Ituri, ikaisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 walishikwa, na 2,287 kati yao walikufa.

Wakati ule wachunguzi walifanya kazi kubwa. Katika Mangina, Beni, Butembo na Katwa walipima dawa nne. Mwezi wa Agosti 2019 ilionekana kwamba dawa mbili zinaokoa watu wengi kuliko zile nyingine. Tunafurahi kwa dawa hizo. Lakini je, umemfikiri mtu aliyeandika kila siku katika daftari: huyu amepona, huyu amekufa?

Wengine walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza: Nani aliugua? Nani alimwuguza? Mwenye nyumba alilia, wala mwulizaji hakuweza kumshika mkono, kwa sababu kugusana kulikatazwa. Jioni alirudi kwake, wala hakuweza kumweleza mke wake, kwa maana siri ya mgonjwa haitolewi. Basi, maneno yale alilala nayo.

Wazee husema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake, mzigo wa mtu mwingine tunauona mwepesi. Mkubwa wa kazi anahesabu karatasi zilizojazwa, lakini uzito wake hauoni.

DALILI. Mwangalie mwenzako. Hapati usingizi, au anaota yale aliyoyasikia. Anakasirika upesi. Anakwepa nyumba zenye msiba. Ameanza kunywa pombe. Au anasikia habari za kifo kama mtu asikiaye bei ya chumvi. Huyu si mvivu, wala moyo wake si mbaya. Amechoka kwa kubeba.

MSAADA. Mambo haya yapangwe kabla ya kazi kuanza, pamoja na fedha zake. Usingoje mtu aanguke.

1. Wachunguzi waende wawili wawili.
2. Wasiulize watu wengi wenye msiba kwa siku moja. Siku ya kupumzika iwe ya kupumzika kweli.
3. Jioni wakae pamoja na kiongozi. Mtu aweza kusema lililomwumiza pasipo kutaja jina la mgonjwa. Lakini asiyetaka kusema asilazimishwe. Kumlazimisha kwaweza kumdhuru.
4. Awepo mtu wa shauri asiye mkubwa wao, ili mfanyakazi asiogope kupoteza kazi.
5. Aliyefiwa na ndugu kwa ugonjwa uleule aulizwe kwanza kama anaweza kazi hii. Akikataa, apewe nyingine bila aibu.
6. Dalili zikiendelea majuma mengi, apelekwe kwa mganga.

Usiwasahau wanaofichika: mkalimani, dereva, na yule anayekaa ofisini akisikiliza sauti zilizonaswa ili aziandike. Yeye husikia kilio kilekile mara mbili, mara tatu, mpaka apate kila neno.

Mchunguzi aliyetunzwa huuliza kwa upole, na mwenye msiba hujibu kweli. Aliyechoka huharakisha, na daftari yake hujaa makosa. Kwa hiyo kumtunza yeye ni kuwatunza wagonjwa wa kesho.

MAULIZO
1. Kwa nini mchunguzi hawezi kueleza nyumbani yale aliyoyasikia?
2. Taja dalili tatu za mtu aliyechoka kwa kubeba huzuni za wengine.
3. Katika kazi yenu, ni nani ambaye hakuna amwulizaye habari zake?