Gari Lililolala: Somo la Kufufua Datsun Kuukuu kwa Pesa Kidogo

Mwaka jana katika jarida hili tulisoma juu ya ufugaji na uvuvi. Mwaka huu nawaletea somo la gari nililojifunza likizoni nikiwa na mikono iliyojaa grisi.

Gari lenyewe ni Datsun 160J ya mjomba wangu anayeishi Kakuma. Liliegeshwa chini ya mgunga mwaka 2007, kabla sijazaliwa, na halikuondoka tena. Wazee wanalikumbuka jina hilo. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally kwa Datsun 160J mwaka 1979 na 1980, kisha akashinda tena mwaka 1981 na 1982 kwa Violet GT, ambayo ni ya ukoo huo huo. La mjomba halikuwahi kushindana na kitu ila mashimo ya barabara ya Lokichoggio.

Mwezi wa Aprili alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu, akataja shilingi 12,000. Mjomba alitaka kukubali. Bibi ndiye aliyekataa. Bibi anaugua macho, na kila mwezi husafiri kilomita kama 120 kuja hospitali Lodwar akiwa amebanwa katika matatu. Akauliza, "Mkishaliuza, mtanibeba mgongoni?" Hakuna aliyejibu. Basi mjomba akauza mbuzi wanne, akapata shilingi 24,000, akaapa kwamba hataongeza hata senti moja. Mimi nikafanywa spanaboi.

Fundi wetu alikuwa Mkongomani kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992. Gari yeye huliita "mutuka", nasi twasema gari, na wazee wa zamani walisema motokaa. Kiswahili ni kimoja, tukaelewana.

1. Anza kwa kutazama, si kwa kununua

Fundi alitukataza kununua chochote siku ya kwanza. Tulizunguka gari kwa daftari na kalamu. Hapo nilijifunza kwamba jua letu la Turkana lina mikono miwili. Mkono mmoja huhifadhi: hewa ni kavu, kwa hiyo bati halikuwa na kutu nyingi kama gari la Mombasa linalopigwa na upepo wa chumvi. Mkono wa pili huharibu: kila kitu cha mpira kilikuwa kimekauka na kupasuka. Viti vilikuwa na nge, na bomba la moshi lilikuwa nyumba ya nyigu.

Matairi yalikuwa na meno mazuri, nikafurahi. Fundi akanionyesha nyufa za ubavuni. Ndugu msomaji, ukinunua tairi la mitumba usitazame meno pekee. Tafuta tarakimu nne ubavuni. Zikiwa 2319, maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

2. Injini haiamshwi kwa kofi

Gari lililolala miaka mingi usilipige stata papo hapo. Tulifungua plagi nne, tukatia oili kidogo katika kila silinda, tukaacha siku mbili ili pistoni zilainike. Kisha tukaizungusha injini polepole kwa spana. Ilipozunguka, mjomba alicheka kama mtoto.

Petroli ya zamani tuliimwaga yote, maana hugeuka kuwa gundi. Tangi likaoshwa. Kabureta ikafunguliwa na vitundu vyake vikapulizwa kwa pampu ya baiskeli. Usichokoe vitundu hivyo kwa waya, kwa sababu vikipanuka gari litakunywa petroli kama ngamia aliyefika kisimani. Platini tulizisugua kwa msasa laini ili kuzijaribu, zikawa zimelika mno, tukaweka mpya na kuacha nafasi ya karibu nusu milimita. Mipira ya petroli tulibadilisha yote. Ikivuja juu ya injini yenye moto, gari huungua.

Vipuri vilikuwa rahisi kuliko tulivyodhani. Injini za aina ya L ziliwekwa pia katika pikapu za Datsun, basi tukaokota vingine kwenye pikapu iliyokufa.

3. Kosa langu

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka, lakini mwalimu wetu husema mwandishi asiyesema kweli hafundishi.

Fundi alikuwa amepanga tuanze na breki. Mimi nikamwomba mjomba tuanze na injini, kwa kuwa nilitaka vijana wa jirani wasikie mlio. Mjomba akakubali. Siku injini ilipowaka, moshi ulijaa boma zima na watoto wakashangilia. Mjomba na fundi walipokwenda kunywa chai, nikaingia, nikaondoa jiwe chini ya gurudumu, ati nilisogeze hatua mbili tu.

Boma la mjomba liko kwenye mteremko wa kwenda mto Tarach. Gari likaanza kwenda. Nikakanyaga breki, pedali ikazama hadi sakafuni kama mguu kwenye matope. Nikavuta breki ya mkono, waya ukakatika. Chini kule mtoni kulikuwa na wasichana wanachota maji katika visima vya mchangani, wamenipa mgongo. Nilikata usukani kwa nguvu zangu zote, gari likaingia katika kichaka cha mathenge na kusimama. Taa moja ilivunjika. Wasichana waliinua vichwa, wakatazama, wakaendelea kuchota.

Fundi hakunipiga wala hakunitukana. Alisema, "Kijana, mutuka isiyowaka haijaua mtu." Akageuka kuendelea na kazi. Nililala usiku huo bila kula.

4. Breki kwanza

Kwa nini breki zilikufa? Mafuta ya breki hunyonya unyevu hata gari likisimama, na unyevu huo huleta kutu ndani ya silinda za breki. Mipira yake nayo hukauka na kuvujisha. Tulibadilisha mipira yote, ya mbele kwenye diski na ya nyuma kwenye ngoma, pamoja na waya wa breki ya mkono. Kisha tukatoa hewa: mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia, mwenzake anafungua chupuzi hadi mafuta yatoke bila povu, anafunga, ndipo pedali inaachiliwa. Tulirudia gurudumu moja baada ya jingine mpaka pedali ikawa ngumu.

5. Hesabu yetu

Breki zote: sh. 3,400
Matairi manne ya mitumba: sh. 9,200
Betri iliyotumika: sh. 4,000
Plagi na platini: sh. 1,600
Mipira ya petroli na maji, fani belti: sh. 1,900
Oili na chujio: sh. 1,900
Petroli: sh. 1,000
Fundi: sh. 1,000, na siku kumi za mimi kumfanyia kazi
Jumla: sh. 24,000

Taa nililipa mwenyewe sh. 700. Ilikuwa pesa ya kununua kamusi, kwa hiyo makosa ya tahajia humu mnisamehe. Rangi hatukupaka. Gari lina rangi tatu, na moja ni kutu. Bima na ukaguzi havikukwepeka, mjomba akauza mbuzi wa tano na kiapo kikavunjika.

Hitimisho

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Mimi naongeza kwamba pesa ikiwa kidogo, mpangilio ndio mtaji. Lipia kwanza kinachosimamisha gari, halafu kinacholiendesha, na mwisho kabisa kinacholipamba.

Mwezi wa Agosti mjomba alimleta bibi hospitali kwa gari hilo. Alikaa mbele, dirisha wazi. Nilipomfungulia mlango hapa Lodwar nikamuuliza safari ilikuwaje. Akasema, "Ejok. Lakini hiki kiti kinachoma."

Mazoezi

1. Eleza namna jua la Turkana linavyohifadhi na kuharibu gari.
2. Kwa nini si vyema kuchokoa kabureta kwa waya?
3. Je, ungekuwa na sh. 24,000, ungeanza wapi? Toa sababu.