Samaki wa njano anawamaliza wenzake

*Mshauri, niliwanunulia watoto tangi la kioo la lita 100 na samaki kumi wa rangi, wa Ziwa Nyasa. Wamebaki sita. Mmoja alikuja wa buluu mwenye mistari. Baada ya miezi michache kageuka njano mwili mzima, na tangu hapo hana adabu. Anakimbiza wenzake kutwa, mapezi yao yamechanika, na mmoja mmoja wanakufa. Wiki hii samaki mwingine wa buluu kavimba kidevu na hali chochote. Muuzaji kaniuzia dawa. Usafi nazingatia: kila Jumapili namwaga maji yote, nasugua mawe na sponji ya filta kwa sabuni. Mama Neema amechoka, anasema Krismasi tukienda kwao Mwanza tukawaachie ziwani. Nifanyeje?*
*Baba Neema, Tabata, Dar es Salaam*

Baba Neema, dawa hiyo usiitie kwanza. Kaa mbele ya tangi umtazame vizuri huyo mgonjwa wako. Kama kilichovimba ni kidevu tu, tumbo liko kawaida, na mara kwa mara anachezesha taya kama anayetafuna, basi haumwi. Ana mayai mdomoni. Samaki hawa wa miambani, wanaoitwa mbuna, huatamia kinywani: jike akishataga huyakusanya mayai na kukaa nayo wiki tatu hivi, na muda huo karibu hali kabisa. Angekuwa amevimba tumbo, kajificha pembeni na kinyesi chake ni uzi mweupe, hapo ningekuunga mkono kumtafutia tiba.

Na huyo wa njano, kwa maelezo yako, nahisi ni kenyi, ambaye wataalamu humwita Maylandia lombardoi. Kwa kenyi majike ndio wa buluu. Dume huanza na rangi hiyohiyo, kisha akipevuka hugeuka njano. Kwa hiyo hukuuziwa samaki aliyeharibika tabia. Dume wako amekua, na sasa anataka eneo lake. Kule ziwani dume hushika mwamba wake, na mnyonge akifukuzwa anakwenda zake mbali. Kwako anakwenda hadi kwenye kioo, anarudi, anapigwa tena. Kenyi anajulikana kuwa miongoni mwa mbuna wakali zaidi, na muuzaji alipaswa kukuambia hivyo kabla hujatoa hela.

Mtoe dume huyo leo, si Jumapili. Ndoo kubwa yenye pampu ya hewa itamtosha kwa siku chache, ukiifunika maana hawa huruka. Kisha mrudishe dukani, au mpe mtu mwenye tangi la urefu wa sentimita 120 au zaidi na majike wasiopungua watatu kwa dume mmoja. Waliobaki wapangie mawe upya, yajae mapango hadi karibu na uso wa maji. Mpangilio ukibadilika, mipaka ya zamani hupotea na ugomvi hupoa kidogo. Hupoa tu, lakini. Lita 100 ni chache kwa mbuna, na mawe hayaongezi maji.

Sabuni achana nayo kabisa. Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Kinachoigeuza kuwa kitu chenye madhara madogo ni bakteria wanaoishi kwenye mawe na kwenye sponji ya filta, walewale unaowaua kila Jumapili. Maji ya Nyasa yana asili ya magadi kidogo, na katika maji ya namna hiyo amonia huwa kali zaidi. Sishangai basi kama baadhi ya vifo hivyo vinne havikumhusu dume. Punguza robo ya maji kila wiki, na sponji ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima au tumia dawa ya kuondoa klorini.

Hukuniambia unawalisha nini. Kama ni dagaa au maini, acha. Mbuna hula mwani wa miambani, utumbo wao ni mrefu kama wa mbuzi, na nyama nyingi huwavimbisha tumbo kwelikweli. Wape chakula chenye spirulina, kidogokidogo, na siku nyingine jani la mchicha lililochovywa kwenye maji ya moto.

Mwanza, hapana. Mwambie Mama Neema kwa upole, lakini hapana. Samaki wa Nyasa si wa Ziwa Victoria, na watu wa huko wanajua jinsi furu, samaki wa asili wa ziwa hilo, walivyoangamia baada ya sangara kupandikizwa miaka ya 1950.

Ukitaka kubaki na tangi hilohilo, ningekushawishi uelekee Ziwa Tanganyika. Kuna samaki anaitwa Neolamprologus multifasciatus, hafiki sentimita tano, anaishi ndani ya makombe ya konokono kwa ukoo mzima: baba, mama na watoto wa rika mbalimbali. Lita 100 kwake ni mtaa. Rangi hana za kujivunia, na Neema huenda akanuna siku ya kwanza, ila atapata cha kutazama. Ukiamua hivyo, tandika mchanga laini wa kina cha sentimita tano au zaidi, maana hao ni wachimbaji, na makombe yawe mengi kuliko samaki.