Kabla ya kulipa kodi, ione shule

Familia nyingi Dar es Salaam huchagua nyumba kwa kuangalia kodi, maji na kituo cha daladala. Shule ya mtoto hukumbukwa mizigo ikishashushwa. Mwalimu wa siku nyingi wa shule za msingi za serikali anajibu maswali ya wazazi.

Mwalimu, ada imefutwa. Kwa nini nichague mtaa kwa ajili ya shule?

Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016, ilimfungulia mlango mtoto wa maskini, nami naishukuru. Lakini watoto walimiminika kuliko uwezo wa madarasa. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Shule nyingi za pembezoni mwa jiji, ambako mitaa inakua haraka, zimekipita. Shule mbili za kata moja zaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi.

Nitaijuaje shule nzuri?

Baraza la Mitihani (NECTA) liliacha kutangaza orodha ya shule bora mwaka 2023, ila matokeo ya darasa la saba ya kila shule yako kwenye tovuti yake. Soma ya miaka mitatu, usidanganywe na mwaka mmoja. Tazama na idadi ya watahiniwa: kufaulisha watoto 40 si sawa na kufaulisha 300.

Kisha nenda shuleni siku ya masomo. Hesabu matundu ya choo: kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Uliza kama watoto wanaingia kwa zamu, na kama wanapata chakula cha mchana. Mwombe mtoto wa jirani akuonyeshe daftari lake la hisabati. Likiwa limesahihishwa ukurasa kwa ukurasa, hapo pana mwalimu.

Nyumba za karibu na shule yenye sifa ni ghali. Mtoto si atapanda daladala?

Mzazi mwenzangu, hapa nakusihi. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo, ndiyo maana makondakta wengi humwacha kituoni. Mtoto wa miaka saba anaamshwa saa kumi alfajiri, anasimama njia nzima, akifika darasani anasinzia. Shule ya kawaida anayoifikia kwa miguu bila kuvuka barabara kuu itamfaa kuliko yenye jina iliyo daladala mbili kutoka kwenu.

Nifanye nini kabla ya kumlipa mwenye nyumba miezi sita?

Mwone kwanza mwalimu mkuu, uulize kama nafasi ya uhamisho ipo. Kwa darasa la kwanza, wahi uandikishaji wa mwisho wa mwaka ukiwa na cheti cha kuzaliwa. Dalali atakwambia shule iko "hapo tu". Itembee njia hiyo na mtoto wako asubuhi, saa ambayo ataipita kila siku. Ulizia pia sekondari ya kata, kwani wengi wanaofaulu hupangiwa shule za kutwa za karibu.

Nimeshahamia, na shule ni dhaifu. Nimekosea?

Hujachelewa. Hudhuria mikutano ya wazazi, na ukiweza gombea nafasi kwenye kamati ya shule. Choo kibovu na daftari lisilosahihishwa hudumu pale ambapo hakuna mzazi anayeuliza. Chagua mtaa kwa makini, lakini ukishafika, shule ya hapo ni yako: ingia getini, uulize.