Mafunzo Niliyopata Nikifunga Mashine za Kuonea Samaki Ziwa Kivu

Masisi inagusa Ziwa Kivu pale Sake, kwenye ghuba ya Kabuno. Hapo ndipo ninapofungia mitumbwi ya mota mashine za kuonea samaki. Skrini haina shida. Kazi iko kwa transdyusa, kile kipande kinachokaa majini, kinachotuma sauti chini na kupokea mwangwi wake.

1. Mbao haipitishi sauti. Boti za faiba hubandikwa transdyusa kwa ndani na sauti ikapenya. Mbao ina hewa ndani yake. Kwa mtumbwi wetu lazima kipande kiguse maji.

2. Adui mkubwa ni viputo. Ukifunga nyuma, kaa angalau sentimita 40 kutoka kwenye propela. Ikiwa inazunguka kwa mwendo wa saa ukiitazama kwa nyuma, funga kulia, upande ambao mapanga yake yanashuka. Angalia pia misumari na maungio ya mbao yaliyo mbele ya transdyusa, kwani kila kinachojitokeza kinazaa povu. Mimi humwomba mwenye mtumbwi aende mwendo wake wa kazi, nikainama ukingoni nitafute mahali ambapo maji yanapita laini, bila weupe. Hapo ndipo pa kufunga. Kabla ya kuishusha transdyusa naisugua kwa maji ya sabuni, maana ikiwa mpya huwa na mafuta yanayonasa viputo.

3. Usitoboe mtumbwi. Kando ya Sake kuna mawe ya lava ya volkano ya Nyamulagira, iliyofika ziwani katika mlipuko wa 1938 hadi 1940, na transdyusa isiyoinuka itavunjika mtumbwi ukivutwa nchi kavu. Mti mgumu ubavuni, wenye bawaba, unatosha.

4. Jua samaki wanaishi wapi. Kivu ina kina cha hadi mita 485, lakini oksijeni inaishia karibu mita 60. Kwenye ghuba ya Kabuno inaishia karibu mita 10 tu, na chini ya hapo maji yamejaa gesi. Sambaza, walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hawaishi huko chini. Weka skrini isome tabaka la juu, kwa kilohezi 200. Kilohezi 50 hufika mbali, ila hazitenganishi vizuri samaki waliokaribiana.

5. Waya wa transdyusa ukizidi, ukunje, usiukate. Uweke mbali na nyaya za mota, na betri ya volti 12 iwe na fyuzi.

Ndugu zangu wa Walikale mnaovua mto Lowa: penye maji ya kasi viputo ni vingi mno. Mashine itawapimia kina penye utulivu. Kwa kutafuta samaki, hela hiyo nunueni nyavu zenye matundu halali.