Barnaba Alimshika Mkono

Somo: Matendo ya Mitume 9:26-28 na 11:25-26

Jumapili iliyopita tuliwaambia wageni wasimame, wakasimama saba. Tukawapigia makofi, tukawaimbia, wakaketi. Ibada ilipoisha niliwaona watatu wakielekea stejini peke yao. Hakuna aliyewauliza hata kama wanatoka Kongoni au Moi's Bridge. Jameni, makofi si utambulisho.

Hebu tumwangalie Barnaba. Sauli anafika Yerusalemu, anataka kujiunga na wanafunzi, nao wote wanamwogopa. Na walikuwa na sababu! Huyu alikuwepo Stefano akipigwa mawe, tena akikubali auawe. Ingekuwa hapa kwetu tungesema, "Tumwangalie kwanza." Barnaba alimchukua mpaka kwa mitume, kisha akaongea. Na hakumpamba. Aliwaeleza kwamba mtu huyu alimwona Bwana njiani, Bwana akasema naye, na kule Dameski alihubiri kwa ujasiri. Hizo ndizo habari ambazo mitume walihitaji ili wafungue mlango. Mstari wa 28 tunamkuta Sauli akiingia na kutoka pamoja nao.

Barnaba aliweka nini hapo? Jina lake. Sura ya 4 inasema alikuwa Mlawi kutoka Kipro, akauza shamba na kuleta fedha miguuni pa mitume. Kama Sauli angewageuka, Barnaba ndiye angeulizwa. Mimi naona kuuza shamba kulikuwa rahisi kuliko hili.

Nilipokuwa nasomea biashara tulifundishwa habari za Mark Granovetter, msomi wa Marekani, na makala yake ya mwaka 1973. Aligundua kwamba wengi waliopata kazi kupitia watu hawakuipata kwa marafiki wa karibu, bali kwa watu wanaoonana nao mara moja moja. Sababu yake ni rahisi: rafiki yako wa karibu anajua yale yale unayojua wewe. Yule mnayesalimiana tu mlangoni anajua mambo ya upande mwingine. Sasa fikiria kanisa letu. Mama anafuga kuku, na viti viwili mbele yake ameketi ndugu mwenye hoteli. Wanaonana kila Jumapili na hawajuani. Sisi wachungaji tunawajua wote wawili, na wakati mwingine tunapenda kila kitu kipitie kwetu, kama madalali wa mahindi.

Barnaba hakuwa hivyo. Alisafiri mpaka Tarso kumtafuta Sauli, akamleta Antiokia, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Katika 13:2 anatajwa Barnaba kwanza. Ukifika 13:43 Paulo ametangulia, na mara nyingi inabaki hivyo. Hatusomi popote kwamba Barnaba alilalamikia hilo.

Mimi niliwahi kushindwa mtihani huu. Mwaka jana kijana mmoja alinijia, miezi miwili tu tangu atoke jela. Alijua kazi ya mashine. Alijua pia kwamba namfahamu ndugu mwenye mashine ya kusaga upande wa Matunda, aliyekuwa akitafuta mfanyakazi. Akaniambia, "Pasta, nitambulishe tu. Mengine nitajieleza mwenyewe." Nikamwekea mkono, nikamwombea mpaka machozi yakanitoka. Lakini simu sikupiga. Niliogopa kwamba akiiba, nitaulizwa mimi. Wiki tatu baadaye akaacha kuja kanisani.

Kwa hiyo Jumapili hii, baada ya ibada, kutakuwa na chai. Usikae na wale mnaokaa nao kila siku. Tafuta watu wawili unaowajua ambao hawajuani, wakutanishe. Taja majina yao, sema kila mmoja anafanya nini na kwa nini umewaleta pamoja, halafu waachie nafasi waongee. Na kama humjui mtu vizuri, sema hivyo wazi; usimpe sifa ambazo hujaziona.

Kuhusu yule kijana, Jumanne nilienda Matunda. Nafasi ilishachukuliwa zamani, lakini mwenye mashine alinitajia mwenzake wa Moi's Bridge. Kijana nimempata kupitia simu ya mamake. Alhamisi tunaenda sote wawili, na nitaongea mimi kwanza.