Guru kwa Wahindu: mwalimu au mungu?

Ndugu Waislamu, wengi hapa mjini huchanganya Mhindi na Mhindu. Mhindi ni mtu wa asili ya India, na Wahindi Waislamu wapo kwa mamilioni. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Tunayemzungumzia leo ni huyu wa pili, na nafasi ya guru katika dini yake.

Guru ni neno la Kisanskriti, lugha ya vitabu vyao vya kale. Maana yake ni mwalimu, lakini si wa kufundisha herufi. Wanaamini kuwa maarifa ya juu hayapatikani vitabuni peke yake. Lazima uyapokee kwa aliyeyapokea kwa mwalimu wake, mlolongo unaoitwa parampara. Mwanafunzi huingizwa kwa diksha, na mara nyingi hunong'onezewa sikioni mantra, maneno atakayoyarudia katika ibada. Kila mwaka, mwezi ukiwa mpevu kati ya Juni na Julai, huadhimishwa Guru Purnima, siku ya kumtukuza mwalimu.

Hadi hapa Muislamu hashangai. Nasi tuna isnadi, na watu wa twarika wanazijua ijaza na nyiradi. Tunapoachana njia ni pale wengi wao wanapomhesabu guru kuwa ni Mungu aliyejidhihirisha, wakamsujudia miguuni. Hiyo ni shirki, hatuna la kuongeza.

Lakini tuwe waadilifu. Si Wahindu wote wanaofuata kwa kufumba macho. Kijana aliyekuja kujulikana kama Vivekananda alimwendea Ramakrishna, karibu na Calcutta, miaka ya 1880, akambana kwa maswali na kumjaribu kabla ya kumkubali. Dayananda Saraswati, aliyeasisi Arya Samaj mwaka 1875, aliwakemea waziwazi maguru waliojifanya miungu. (Huyo huyo aliushambulia na Uislamu, lakini haki yake tumpe.)

Kemeo hilo halikuwafikia wote. Aprili 2018 mahakama ya Jodhpur, India, ilimhukumu kifungo cha maisha Asaram Bapu, guru mwenye wafuasi wengi mno, kwa kumbaka binti wa miaka 16 mwaka 2013. Wazazi wa binti walikuwa wafuasi wake. Walimpeleka wenyewe, baada ya kuambiwa ana pepo.

Kabla hatujawacheka, tumkumbuke Adiy bin Hatim (r.a.). Alidhani watu wa Kitabu hawakuwaabudu makuhani wao. Mtume (s.a.w.) akamfahamisha kuwa kuwatii katika kuhalalisha alichoharamisha Allah ndiko kuwaabudu kwenyewe. Sheikh hutiiwa katika mema tu.

Na pepo hao hao wanatajwa mitaani kwetu. Binti akipelekwa kusomewa ruqya, mahram wake aingie naye na akae hadi mwisho. Msomaji akisema kisomo hakifanyi kazi mpaka wabaki wawili, mzazi amchukue mwanawe waondoke.