Geita kwa Mgeni: Mji wa Dhahabu na Mialo Yake

Dhahabu ndiyo iliyoujenga mji wa Geita, kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria. Wajerumani waliigundua mwishoni mwa karne ya 19, na mgodi wa kwanza mkubwa ulifanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966. Kimya cha miaka zaidi ya 30 kilivunjwa na Mgodi wa Dhahabu wa Geita mwaka 2000. Mwaka mmoja baadaye ukaanza uzalishaji katika mgodi wa Bulyanhulu, upande wa Kahama. Mkoa wenyewe ni mchanga: ulianzishwa 2012 kwa kumegwa Mwanza, Shinyanga na Kagera.

Wenyeji ni Wasukuma, Wazinza na Wasumbwa, lakini dhahabu imewaleta Wahaya, Waha, Wakurya, Wajita na wengine wengi, kwa hiyo Mkenya au Mkongomani hashangazi mtu mitaani. Kiswahili chatosha kila mahali. Hata hivyo, anayejifunza kusema “mwangaluka” asubuhi na “mwadila” mchana hupokelewa kwa furaha sokoni, na mkubwa kwa umri huamkiwa “shikamoo” kabla ya neno lolote.

Jambo la kushika mapema ni sheria, kwa kuwa hapa ndipo wageni wengi wanaweza kupoteza mtaji. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Mtanzania pekee, na udalali wa madini vilevile. Amri ya Julai 2025 imewazuia wasio raia kufanya shughuli kadhaa ndogondogo, zikiwemo uchimbaji mdogo, saluni, uwakala wa fedha kwa simu na biashara ya rejareja. Kumkabidhi mwenyeji fedha ili aandikishe duara (shimo la uchimbaji) kwa jina lake ni kujiweka pabaya: mwenye jina ndiye mwenye mali. Mwajiriwa anahitaji kibali cha kazi pamoja na kibali cha ukaazi. Dhahabu nayo huuzwa katika soko rasmi, lililofunguliwa mjini Machi 2019.

Kwa makazi, mwenye watoto akae mbali na makarasha (mashine za kusaga mawe ya dhahabu) na mabwawa ya kuoshea mchanga, hasa Mgusu, Nyarugusu na Rwamagasa. Zebaki inayochomwa huko huingia mwilini kwa mvuke usioonekana, na watoto ndio huumia zaidi.

Fukwe za Geita si za hoteli. Nungwe na Nkome ni mialo ya kazi, yenye mitumbwi, karabai za usiku na dagaa walioanikwa; sato na sangara hununuliwa humo wakiwa wabichi. Kuogelea hakushauriwi, kwa sababu ya kichocho na mamba.

Kutoka Nkome boti huvuka kwenda Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, ambako sokwe walioletwa miaka ya 1960 sasa wanaishi porini pamoja na swala waitwao nzohe. Safari ya Mwanza nayo imekuwa nyepesi: Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na gari halisubiri tena kivuko.